Maziwa Yale Tuliyanywa Sote

Niinueni kidogo kwenye huu mto, nisije nikayausia mabati badala ya wanangu. Hapo, hapo basi. Khalayi, uache mlango wazi, maana yupo mtu barazani ambaye nataka asikie kila neno kama nyinyi mlio ndani. Sikilizeni, wanangu: Willis, mzaliwa wangu wa kwanza, Clifford, mdogo wake, na wewe Khalayi, binti yangu, uliyefua shuka zangu siku kumi na mbili hizi bila kukunja uso. Nguvu niliyobaki nayo ni ya mazungumzo mamoja tu, sina ya kurudia, kwa hiyo asinikatize mtu, na anayetaka kulia aende akalie kule kwenye mahindi, kisha arudi.

Huzuni kubwa sina, niwaambie kweli. Nina miaka sabini na mitatu, na miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo niliimaliza nikiwa nimeinama juu ya hadubini katika maabara ya hospitali, kazi yangu kupima choo cha watu. Mlipokuwa wadogo mlitaniwa shuleni, mkarudi nyumbani mkilia ati baba yenu ni daktari wa mavi, nami nikacheka hadi mama yenu akanikasirikia. Lakini niliipenda kazi ile. Mtu humdanganya daktari, humdanganya padri, humdanganya mkewe, ila kile alicholeta ndani ya kikopo hakijui kudanganya. Ndivyo ninavyoutazama ugonjwa wangu huu: kikopo kingine kimeletwa dirishani, mara hii kina jina langu, Lusweti, nami nakisoma kama nilivyovisoma vya wengine.

Shamba halitanichosha, kwa hiyo nilimalize. Ekari hizi kumi na nne tulizogawiwa hapa Chekalini mzungu alipoondoka, mimi na mama yenu tukazing'oa visiki kwa mikono, mtaro ule ndio mpaka wake. Juu ya mtaro ni kwa Willis, chini ya mtaro ni kwa Clifford, na ekari moja ile ya kando ya barabara ni ya Khalayi, awe ameolewa, awe ameachika, awe amezeeka, na sitaki kusikia mtu akisema mbele ya kaburi langu kwamba binti hana shamba. Ng'ombe mweusi asiuzwe mpaka azae. Hadubini yangu, ingawa kioo chake kimoja kimeota ukungu, mpelekeeni Nekoye, yule niliyemfundisha kazi na ambaye sasa amekalia kiti changu kule maabara. Hayo yameisha. Ndugu wakigombana kwa ajili ya udongo nilioumwagia jasho mwenyewe, mimi sitakuwepo kuona, kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika.

Linalonihangaisha ni moja, nalo ni Cheptoo, mke wa Clifford, huyo aliyekaa hapo nje.

Clifford, jana mchana nilisikia kupitia ukuta huu ukimwambia afungashe nguo zake ndani ya gunia la mbolea, kwamba nikishazikwa arudi kwa baba yake, mzee Kipsang, ng'ambo ya mto, na mtoto abaki hapa. Ulisema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Najua barua hiyo iliandikwa na nani. Na zaidi ya gunia, nimesikia vijana wanaoshinda na Willis kule dukani wakisema maneno mengine, maneno ya kiberiti, na sisi watu wa hapa, baada ya yale mapigano ya makabila ya mwaka wa tisini na mbili, tunajua kiberiti kinaanzaje. Nyumba yako ilichomwa mwaka ule, Willis. Nililia nawe juu ya majivu yake. Mkono uliowasha moto ule hukuuona, wala mimi sikuuona, lakini tangu siku ile kila mtu wa ng'ambo ya mto akikunywesha chai unaanza kuangalia chini ya kikombe.

Sasa umesimama mbele ya wazee wa kanisa ukapiga hesabu yako. Umesema siku ile tulipomkumbuka marehemu mama yenu, Namalwa, mwaka mmoja tangu atuache, watu kumi na wanne walikunywa maziwa mgando ya kibuyu cha Cheptoo, mursik ile ya kwao yenye mkaa, na katika wote hao aliyelala kitandani ni mmoja tu, mwenye mji, mimi mwenye boma hili. Ukasema ikiwa wengi wamekunywa na mmoja ndiye anayekufa, basi kikombe cha huyo mmoja kilikuwa na kitu chake peke yake. Ukamaliza na methali, kikulacho ki nguoni mwako, wazee wakatikisa vichwa. Ajabu ya methali ni kwamba ikitiwa mahali pake, hata mtu aliyekosea huonekana mwenye busara. Nami nakubali kikulacho kiko karibu. Ila kinachonila mimi hakimo nguoni, kimo tumboni, tena kimelelewa na mimi mwenyewe.

Hesabu yako ni safi, mwanangu, ubaya wake ni kwamba imeanza na jambo lisilo kweli. Hakuugua mmoja. Nilimtuma Khalayi azunguke na daftari akaulize kila aliyekuja siku ile, akaulize bila haya, kama nilivyokuwa nikiuliza mimi dirishani: ulihara? mara ngapi? uliona damu? Watu kumi na wanne, na tisa kati yao matumbo yaliwaendesha. Pasta alihara siku moja, akadhani ni maharagwe. Khalayi alihara jioni mbili. Wewe Willis, Jumatatu asubuhi ulikimbilia chooni mara nne, ukanywa chai ya rangi, saa nane ukaenda kupalilia, ukasahau. Cheptoo mwenyewe alihara. Na mtoto wake, mjukuu wangu huyu wa miaka miwili, alishikwa na homa siku mbili hadi macho yakaingia ndani, akapona. Sasa niambie, wewe mwenye hesabu: ni sumu gani hiyo ambayo mwenye sumu anainywa, tena anamnywesha na mtoto wake wa pekee?

Wengi wetu tuliugua. Mimi tu ndiye ambaye sikupona. Hiyo ndiyo tofauti, na tofauti hiyo haimo ndani ya kibuyu, imo ndani ya miaka.

Nekoye alipopima choo changu alinijia uso umemsawijika, hakutaka kusema, nikamwambia binti usinifiche kitu nilichokufundisha kukiona. Ni mdudu wa kuhara damu, yule yule tuliyekuwa tukimwona kila mvua za masika zinapofurisha visima. Si mdudu wa kutisha. Kijana humfukuza kwa siku tatu. Nisikilizeni niwaeleze kwa nini mzee hawezi, maana mambo haya mtu hafundishwi mpaka yamfike.

Tumbo la mwanadamu ni kama boma lenye malango. Kwenye lango la kwanza kuna ile asidi ya tumbo, chungu, kali, inayoua wengi wa wale wanaoingia na chakula kabla hawajaona ndani. Wakiponyoka, wanakuta utumbo umepakwa ute, wanateleza, hawapati pa kushika. Ndani ya ute kuna wadudu wengine, wenyeji, wapole, waliokaa hapo tangu tuliponyonya, nao hawapendi mgeni awanyang'anye nafasi. Na nyuma yao, ndani ya nyama ya utumbo yenyewe, wamekaa askari wa mwili, wengi kuliko walioko mahali pengine popote, kwa maana hapo ndipo kuna vita kila siku, asubuhi na jioni, kila tunapokula obusuma, ugali wetu. Askari hao wana akili: wakipigana na adui mara moja wanamkumbuka, akirudi wanamtambua kwa sura.

Basi mtu anazeeka. Asidi inapungua kwa wengi wetu. Ute unakuwa mwepesi. Wenyeji wapole wanapungua, wanaingia wakorofi. Na askari, wanangu, askari wanachakaa. Wa zamani bado wapo, lakini wamejaa kumbukumbu za vita vya zamani. Akija adui mpya wanamtazama tu, na mwingine anamshambulia asiye adui, anaunguza nyumba yake mwenyewe kwa hasira. Vijana wa kuwasaidia hawazaliwi tena kwa wingi. Mjukuu wangu aliugua sana kwa sababu askari wake hawajajifunza. Mimi nakufa kwa sababu wangu wamesahau. Hayo ndiyo yote. Mngeniuliza miaka ishirini iliyopita ningewachorea ubaoni, na ningefurahi.

Mniongezee blanketi. Miguu haina joto.

Lakini si uzee peke yake, na hapa ndipo mganga hajigangi. Miaka miwili hii nimekuwa nikitafuna vidonge vya kiungulia, kwa siri, sita, saba kwa siku, kwa maana niliona aibu nyinyi mjue kwamba tumbo la baba yenu limeanza kulalamika. Kile kidogo cha asidi kilichobaki langoni nilikizima kwa mkono wangu. Vifuko vyake mtavikuta ndani ya kofia yangu ya kanisani. Na tena lipo kubwa kuliko hilo. Cheptoo alipokuja hapa kama bibi arusi, alikuwa akichemsha maji yote ya kunywa ya mji huu, anayaacha yapoe, anayatia mtungini. Ni mimi niliyemtuma Clifford amwambie aache, kwamba anamaliza kuni, kwamba maji yake yananuka moshi, kwamba kisima hiki nilikichimba mimi na nimekinywa miaka thelathini. Mimi! Niliyesimama vijijini kote kuanzia Bukura mpaka huku nikiwapigia watu kelele, chemsheni maji, chemsheni maji. Nina aibu kwa hilo, na nataka mjue kwamba nina aibu.

Ikiwa mdudu alikuwa ndani ya maziwa au ndani ya maji ya kisima, sijui. Sitawadanganya. Kibuyu kilikuwa kimekwisha oshwa, hakikupimwa. Hata ningejua kwamba alitoka kibuyuni, mdudu hatumwi na mtu. Anaingia kokote, kwa mkono wa mama mzazi, kwa kikombe cha ushirika, kwa nzi.

Sasa Willis, sikia hili ambalo nimelimeza siku kumi, nalo limenikaa kuliko ugonjwa. Uliipata wapi ile habari ya sumu? Uliipata kwangu. Siku ya pili, homa ilipokuwa juu, ulikuwa umenishika kichwa, nami nikasema, huyu msichana alitia nini mle? Nilisema hivyo. Nakumbuka vizuri, ingawa nilijaribu kujiambia kwamba nilikuwa nikiweweseka. Miaka minne tumeishi naye, amenipikia, amelima na sisi, alimwosha mama yenu miguu katika ugonjwa wake wa mwisho, na bado homa moja tu ilitosha kuifunua ile hofu ya tisini na mbili iliyokuwa imelala ndani yangu, msomi mzima, mtu wa maabara. Ulimi hauna mfupa. Wewe ulilichukua neno la baba yako kama mwana mwema anavyolichukua, ukaenda nalo dukani, likanona. Sikulaumu kwa kuliamini. Najilaumu kwa kulisema. Ila leo nalirudisha neno langu, na mwenye neno akilirudisha, aliyelibeba hana tena haki ya kuendelea nalo.

Mmesema tena, mbona hakuingia kuniuguza? Mbona mkwe mwingine angekuwa hapa na beseni, yeye amekaa barazani siku kumi na mbili kama mtu anayeogopa macho ya maiti? Loo, wanangu! Mila hiyo ni ya nani? Si sisi tuliomfundisha, siku ya kwanza alipofika, kwamba kwa Wabukusu mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, hamwoni akiwa hana nguo, hamshiki mkono? Kwao labda ni hivyo, labda sivyo, hakuna aliyemuuliza. Tulimwambia, naye akatii. Kila asubuhi ameacha sufuria ya uji kizingitini, akabisha mara mbili, akarudi nyuma. Nimesikia nyayo zake. Mmechukua heshima yake kwetu mkaifanya ushahidi wa hatia, na mimi sijawahi kuona mahakama kali namna hiyo hata kwa wakoloni.

Clifford. Inua kichwa. Wewe sina la kukufokea, uliumbwa mpole, na mpole akikaa kati ya kaka mkali na mke mgeni humezwa. Lakini mke si mzigo wa kurudishwa dukani. Fungua gunia lile leo, jua halijazama, uzitundike nguo zake kwenye kamba pale uani, wapita njia wazione. Nampenda huyu binti. Sikuwahi kumwambia, mila haikunipa nafasi, nawaambia nyinyi.

Nikifa mtanizika kando ya mama yenu, bila matanga ya wiki mbili, bila kuchinja ng'ombe mweusi. Maji ya waombolezaji yachemshwe, yote, hata ya pasta. Mnioshe kwa glavu, Nekoye ataleta, kisha mmwage dawa ya klorini mahali nilipooshewa, kwa maana mimi nitakuwa nimemaliza na mdudu huyu lakini yeye hatakuwa amemaliza na nyinyi. Siku ya tatu, siku ya kunyoa nywele, wazee watakaa kwenye viti na kuuliza kama ilivyo desturi, ni nini kilichomuua huyu mtu? Nimekwenda kunyoa nywele katika miji mingi, nami najua neno linalosemwa siku hiyo haliondoki tena, linakaa kwa wajukuu na vitukuu. Hapo atakayejibu ni mkubwa wa mji. Ni wewe, Willis. Na jibu ni hili: baba amekufa kwa uzee wa matumbo, hakuna mkono wa mtu ndani yake. Maneno kumi na mawili. Usiongeze, usipunguze.

Lakini sikuamini, mwanangu. Nakupenda, na sikuamini. Nikishafunikwa udongo utakohoa, utaangalia chini, utasema, Mungu anajua, na hilo Mungu anajua litatosha kumchomea Cheptoo nyumba. Kwa hiyo utayasema leo, nikiwa na masikio.

Khalayi, mwite aingie. Mila ni yangu, naivunja mimi. Ingia, mama. Usiogope harufu. Kaa hapo miguuni.

Haya, Willis.

Nangoja.

Usiangalie dirisha. Hakuna kitu dirishani.

Sikusikia. Masikio yamejaa maji, sema kwa nguvu.

Eeh. Hivyo. Lakini umenitazama mimi, na mimi nayajua tayari. Geuka. Mtazame yeye, useme tena.

... Naam. Sasa nimesikia. Clifford, umesikia? Khalayi, wewe ndiye shahidi, uandike kwenye daftari lile lile.

Acha alie, Willis, usimzuie. Wewe pia lia ukitaka. Si lazima mwende kwenye mahindi.

Pumzi inakuja fupi. Basi tumalize. Baba hutemea wanawe mate ya baraka, ndivyo baba yangu alivyonifanyia, mkubwa kwanza, kisha wanaofuata. Tatizo langu... mdomo umekauka. Huko nako hakuna kitu. Nipe kijiko cha maji yale ya chumvi na sukari... kidogo... kingine.

Mkae vizuri. Mle na mshibe, na mnachokula kikae. Watoto wenu wawe wengi na wapone haraka. Adui akiwajia mumjue kwa sura, na asiye adui... asiye adui msimguse. Mzeeke. Ni vizuri kuzeeka, nisiwadanganye... ni vizuri.

Sogea, Cheptoo. Karibu zaidi, siwezi kuinuka. Mate ni machache, hayatoshi wote.

Willis, ngoja. Yeye kwanza.